Mgonjwa Anaporudi na Tatizo Lilelile

Novemba 2007, Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) iliwapasua wagonjwa wawili waliofanana jina la kwanza. Aliyekuwa na tatizo la goti akapasuliwa kichwa, na aliyekuwa na tatizo la kichwa akapasuliwa goti. Nchi nzima ilishtuka, uchunguzi ukafanywa, madaktari wakasimamishwa kazi, na mmoja wa wagonjwa hao akafariki. Hadi leo tukio hilo ndilo linalotajwa kwanza kila panapozungumzwa uzembe wa kitabibu Tanzania. Sababu inaeleweka: kosa lilikuwa na siku yake, chumba chake na watu wake, na kila mtu aliweza kuliona. Lipo kosa jingine ambalo naamini linaua watu wengi zaidi, nalo halijawahi kuundiwa tume. Mtu anakwenda zahanati na dalili ya saratani, anatibiwa ugonjwa mwingine. Anarudi, anaandikiwa dawa ileile. Anarudi tena. Siku anapofika Taasisi ya Saratani Ocean Road anaambiwa amechelewa, na akifa familia inasema saratani imemchukua. Hakuna anayeuliza ile miezi ilipotelea mikononi mwa nani.

Swali hilo linastahili kuulizwa kila mahali nchini, lakini nalileta kwenye pwani ya Lindi, kuanzia Somanga na Kilwa Kivinje hadi Kilwa Masoko, Mchinga na Lindi mjini, kwa sababu huko linaonekana kwa uwazi usio wa kawaida. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 kwa mwaka na vifo karibu 27,000. Saratani ya mlango wa kizazi peke yake ilichukua zaidi ya wagonjwa 10,000 kati ya hao. Wengi wa wanaofika Ocean Road hufika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Kwa kawaida tunausoma ukweli huu kama kasoro ya wananchi: hawana elimu, wanaogopa, wanaanza kwa mganga. Nitaeleza kwa nini usomaji huo hautoshi. Hoja yangu ni kwamba wajibu wa mtabibu mbele ya saratani hauwezi kupimwa kwa alichosema siku ya kwanza alipomwona mgonjwa. Unapimwa kwa alichofanya mgonjwa aliporudi na tatizo lilelile, na sheria zetu, mabaraza yetu na hospitali zetu bado hazijajipanga kukipima kitu hicho.

Tuanze na siku ya kwanza, maana hapo haki inawadai wahudumu wa afya utetezi. Katika ukanda huu karibu kila dalili ya mwanzo ya saratani ina ugonjwa mwingine wa kawaida unaofanana nayo. Kukojoa damu ni jambo linalojulikana tangu utotoni katika vijiji vyenye kichocho cha kibofu. Uvimbe wa korodani unaitwa busha kabla haujaguswa, kwa kuwa pwani hii imeishi na matende na mabusha vizazi na vizazi. Kikohozi kisichokoma na kukonda ni kifua kikuu. Titi lililovimba na kuwa jekundu kwa mama anayenyonyesha ni jipu. Maumivu ya chembe ya moyo ni vidonda vya tumbo. Damu inayotoka ukeni baada ya tendo la ndoa ni ugonjwa wa zinaa, au kwa mama aliyekwisha kukoma hedhi ni "mambo ya umri". Mtoto mwenye taya lililovimba na meno yanayolegea anapelekwa kung'olewa jino. Tabibu wa zahanati anayeanza na majibu haya hajakosea kanuni yoyote ya fani yake. Amefundishwa kuanza na ugonjwa ulio wa kawaida mahali alipo, na mara nyingi sana atakuwa sahihi.

Ugumu ni kwamba katika baadhi ya mifano hiyo ugonjwa wa kawaida na saratani ni ndugu wa damu. Mayai ya minyoo wa kichocho yanayonasa kwenye ukuta wa kibofu husababisha kovu na uchochezi wa miaka mingi, na mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliwaweka minyoo hao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Kwa hiyo mwanamume wa Kilwa mwenye miaka 45 anayekojoa damu ana sababu mbili zinazowezekana, na ya kwanza ndiyo inayoweza kuizaa ya pili. Kipimo cha mkojo kikionyesha mayai ya kichocho, jibu hilo halifuti uwezekano wa saratani. Kwa mtu wa umri wake linauongeza. Kwa wanawake kichocho kinaweza kushambulia hadi mlango wa kizazi, na vidonda vyake vikachanganywa na magonjwa ya zinaa, au na saratani yenyewe. Na uvimbe wa taya kwa watoto wa nchi zenye malaria nyingi una historia inayotuhusu moja kwa moja. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika kwamba uvimbe huo ni saratani ya aina moja, na baadaye akazunguka Afrika Mashariki na kusini kwake kuchora ramani ya mahali unapotokea: nyanda za joto, mvua na mbu. Ni saratani inayokua kwa kasi ya kutisha, lakini pia ni miongoni mwa zile zinazosikia dawa vizuri zaidi ikiwahiwa. Mtoto aliyepotezewa wiki 6 kwa kung'olewa meno amepotezewa sehemu kubwa ya nafasi yake ya kuishi.

Ikiwa kosa la siku ya kwanza linasameheka, uzembe unaanzia wapi? Unaanzia pale ambapo jibu la kwanza limeshindwa na hakuna aliyelihoji. Prazikwanteli huua minyoo ya kichocho, na damu kwenye mkojo hutarajiwa kukoma ndani ya wiki chache. Ikiendelea kwa mtu mzima, dozi ya pili bila utrasaundi ya kibofu, na bila rufaa ya kwenda kutazamwa kwa kamera, haiwezi tena kuitwa tiba. Jipu la titi lisilopungua baada ya wiki mbili za antibayotiki linadai sindano ya kuchukua chembe au kukatwa kinyama, kwa sababu ipo saratani ya titi inayovaa sura ya jipu. Mtu aliyeanzishiwa dawa za kifua kikuu bila vimelea kuonekana kwenye makohozi, na hapati nafuu, anahitaji mtu wa kusema kwamba huenda hiki sicho kifua kikuu. Hakuna lolote kati ya haya linalohitaji mashine ya gharama ili kuanza. Linahitaji mtabibu aandike katika karatasi: nimedhani ni ugonjwa huu, mgonjwa arudi tarehe fulani, na akirudi bila nafuu aende ngazi inayofuata. Kalamu na tarehe viko katika kila zahanati ya Tanzania. Aliyeshindwa kuvitumia hawezi kujitetea kwa uhaba wa vifaa.

Baada ya hapo kuna safari ya kile ambacho watu wote wanakiita kinyama, na humo wajibu hupotea kwa namna nyingine. Nyama iliyokatwa katika hospitali ya wilaya inatakiwa itumbukizwe mara moja katika formalini iliyo nyingi kuliko nyama yenyewe kwa takriban mara kumi, chupa iandikwe jina kamili, umri na mahali ilipokatwa, kisha isafirishwe hadi penye mtaalamu wa patholojia. Wataalamu hao ni wachache nchini na wengi wao wako katika miji yenye hospitali kubwa. Kutoka Kilwa Masoko hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 300, na kutoka Lindi mjini ni takriban 450. Katika safari hiyo nyama inaweza kuoza kwa sababu iliwekwa katika maji ya chumvi, majina yanaweza kubadilishana, na jibu linaweza kufika hospitali likakaa katika jalada huku mgonjwa yuko kisiwani Songosongo akisubiri kuitwa. Mwaka 2015 Chuo cha Taifa cha Tiba cha Marekani kilitoa ripoti kuhusu makosa ya utambuzi, na kikakubali ufafanuzi unaotufaa sana: ni kosa la utambuzi kushindwa kupata maelezo sahihi na ya wakati kuhusu tatizo la mgonjwa, na pia ni kosa la utambuzi kushindwa kumfikishia mgonjwa maelezo hayo. Kwa kipimo hicho, jibu sahihi lililobaki kwenye droo ni sawa na jibu lisilo sahihi. Mgonjwa hawezi kutibiwa na jibu ambalo hakuambiwa.

Wala tusidhani kwamba hili ni tatizo la umaskini peke yake. Mwaka 2018 Ireland, nchi tajiri yenye mpango wa taifa wa uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, iligundua kwamba wanawake 221 waliopata saratani hiyo walikuwa wamewahi kupimwa, vipimo vyao vya zamani vikapitiwa upya na kusomwa tofauti na majibu ya awali, lakini wengi wao hawakuambiwa matokeo ya mapitio hayo. Jambo hilo lilijulikana kwa sababu mmoja wao, Vicky Phelan, alikataa kusaini sharti la kunyamaza alipolipwa fidia mahakamani. Uchunguzi wa serikali uliofuata ulilaumu kwa uzito mkubwa ule uamuzi wa kuwaficha wagonjwa habari zao wenyewe. Somo lake kwetu ni kwamba vifaa vya kisasa havimlindi mgonjwa pale taasisi inapojiona kuwa mmiliki wa taarifa zake. Ulinzi unatokana na wajibu ulioandikwa, wenye mtu anayewajibika na tarehe ya kuutimiza.

Je, sheria ya Tanzania inautambua wajibu wa namna hii? Mahakama zetu zilirithi misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na maamuzi ya Uingereza ya baadaye huzishawishi bila kuzifunga. Katika uzembe wa kitabibu, uamuzi unaotajwa zaidi ni ule wa shauri la Bolam la mwaka 1957: daktari hana hatia ikiwa alitenda kama ambavyo kundi la madaktari wenye ujuzi wangekubali kutenda. Kwa muda mrefu kanuni hii ilikuwa ngao ya madaktari, kwa kuwa ilitosha kuleta wenzao wachache waseme, nasi tungefanya hivyohivyo. Mwaka 1997, katika shauri la Bolitho, mahakama ya juu ya Uingereza iliongeza sharti: maoni ya wenzake lazima yastahimili mantiki. Hapo ndipo hoja ya mgonjwa anayerudi inapopata mguu wa kusimamia. Inawezekana kabisa matabibu 100 wa ukanda wetu wakakiri kwamba nao hutoa dozi ya tatu ya dawa ileile bila kuuliza swali jipya. Wingi wao hauifanyi desturi hiyo iwe na mantiki. Kurudia tiba iliyoshindwa, kwa mtu mwenye dalili ya hatari, bila kuandika sababu, ni jambo ambalo hakimu asiye daktari anaweza kulipima kwa akili ya kawaida.

Kikwazo kikubwa zaidi kiko mbele: kuthibitisha kwamba ucheleweshaji ndio uliomdhuru mgonjwa. Shauri la Gregg dhidi ya Scott, lililoamuliwa na Baraza la Malodi la Uingereza mwaka 2005, linaonyesha ugumu huo waziwazi. Mgonjwa alikwenda kwa daktari mwaka 1994 na uvimbe chini ya kwapa, akaambiwa ni mafuta tu. Ilikuwa saratani ya tezi za limfu, na matibabu yakachelewa miezi 9. Mahakama ilikubali kwamba daktari alizembea, na kwamba nafasi ya mgonjwa kupona ilishuka kutoka asilimia 42 hadi 25. Hata hivyo alishindwa, kwa kura 3 dhidi ya 2, kwa sababu hata kabla ya uzembe nafasi yake ilikuwa chini ya asilimia 50. Kwa hesabu ya sheria, angeshindwa kupona kwa vyovyote. Fikiria kanuni hiyo ikiletwa Lindi. Mahali ambapo watu hufika na saratani iliyokwisha kukomaa, karibu kila mgonjwa ataanza akiwa chini ya nusu, na hospitali ikimpotezea miezi 9 zaidi haitadaiwa chochote. Wale ambao tayari wana nafasi ndogo ndio watakaokuwa halali kupotezewa hata hiyo ndogo. Mahakama kuu ya jimbo la Massachusetts, Marekani, iliikataa hesabu hii mwaka 2008 katika shauri la Matsuyama, lililohusu saratani ya tumbo iliyochelewa kutambuliwa, ikasema kwamba nafasi yenyewe ya kuishi ni kitu chenye thamani na anayeiharibu aifidie kwa kadiri alivyoipunguza. Mahakama za Tanzania hazifungwi na upande wowote. Naona hoja ya Massachusetts ina haki zaidi, hasa kwetu, maana bila hiyo uchelewaji wa jana unakuwa kinga ya uzembe wa leo.

Hata mtu akiwa na hoja nzuri, njia ya kuifikisha mahakamani ni nyembamba. Daawa ya madhara ina ukomo wa miaka 3, na waziri mwenye dhamana ya sheria anaweza kuuongeza kwa nusu yake tu. Hospitali ya wilaya ya Kinyonga, pale Kilwa Kivinje, ni ya umma, kama zilivyo zahanati nyingi za pwani hii. Anayezidai lazima kwanza atoe notisi ya siku 90, kisha afungue shauri Mahakama Kuu na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kwa mtu wa Kilwa hiyo ni safari ya Mtwara. Saratani haifuati kalenda hii. Mgonjwa anaweza kutumia mwaka wa kwanza kabla hajajua ana ugonjwa gani, na wa pili akitibiwa. Kenya, katika sheria yake ya ukomo wa madai, inairuhusu mahakama kufungua mlango kwa mtu ambaye hakuwa akiyajua mambo ya msingi ya madai yake. Utaratibu huo ungefaa kuigwa. Na ushahidi nao ni haba, kwa kuwa katika vituo vingi historia ya mgonjwa hukaa katika daftari la shule analobeba mwenyewe, huku kituo kikibaki na mstari mmoja katika kitabu cha MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya. Daftari likilowa au likipotea, mahudhurio manne yanakuwa kama hayakuwahi kutokea.

Pingamizi la kwanza dhidi ya haya yote ni kwamba tunamtupia lawama tabibu aliye peke yake katika zahanati, mwenye foleni ya watu 70 na hana hata mashine ya utrasaundi. Pingamizi hili ni la kweli, na kwa sababu hiyo hiyo lawama isielekezwe kwake peke yake. Sheria inamruhusu mdai kumshitaki mwajiri kwa makosa ya mwajiriwa, na katika suala hili mwajiri ndiye mkosaji mkuu. Halmashauri isiyo na daftari la kufuatilia vinyama, isiyotoa formalini, isiyoandika orodha ya dalili za rufaa na kuibandika ukutani, imezembea hata kama kila mtumishi wake ametoa jasho lake lote. Adhabu ya Baraza la Madaktari Tanganyika, linalosimamiwa na sheria ya mwaka 2017, ina nafasi yake kwa anayedanganya au kupuuza kwa makusudi. Kumfutia leseni tabibu mmoja hakuponyi mfumo ambao ungemkosesha yeyote atakayekuja kukaa katika kiti chake.

Pingamizi la pili ni lile la wagonjwa wenyewe kuchelewa na kuanza kwa waganga wa kienyeji. Wapo wanaofanya hivyo, na elimu kwao ni lazima. Lakini tuangalie mpangilio wa matukio. Wengi wa wale wanaoishia kwa mganga walikuwa wamepita duka la dawa, zahanati na kituo cha afya, wakapewa dawa ambazo hazikufanya kazi, wala hakuna aliyewaeleza kinachofuata. Mtu aliyetibiwa mara tatu bila nafuu ana sababu ya kuamini kwamba ugonjwa wake si wa hospitali, na sababu hiyo amepewa na hospitali. Ongeza nauli, mahali pa kulala Dar es Salaam, na barabara ambayo Mei 2024, wakati wa mvua na kimbunga Hidaya, ilikatika maeneo ya Somanga na kuiacha Lindi ikiwa imetengwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Mgonjwa aliyepewa rufaa ya mdomo, bila karatasi, bila tarehe na bila simu ya kumfuatilia, hajapewa rufaa. Sehemu yake ya ucheleweshaji ihesabiwe, ila isitumike kufunika ile ya taasisi.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote. Inasemwa kwamba kesi zikizidi, madaktari watakimbia vijiji, na watakaobaki watampa kila mgonjwa rufaa ili wajikinge. Hofu hiyo ina msingi, na nchi zilizoacha kila kitu kwa mawakili zimeionja. New Zealand ilichagua njia nyingine tangu mwaka 1974: mtu aliyedhurika hulipwa na mfuko wa umma bila kulazimika kuthibitisha uzembe wa mtu fulani, na swali la nidhamu hushughulikiwa mahali pengine. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na huu ndio wakati wa kuuliza kama sehemu ndogo ya fedha hizo haiwezi kuanzisha mfuko wa fidia kwa waliopotezewa muda wa matibabu. Mfuko wa namna hiyo ungemwondolea mama wa Kivinje mzigo wa kwenda Mtwara, na ungemwondolea tabibu sababu ya kuficha. Mtu anayejua kwamba kukiri kosa hakutamfunga hukiri mapema, na kosa lililokiriwa mapema katika saratani mara nyingi bado linaweza kurekebishwa.

Kuhusu hofu ya kuijaza Ocean Road, jibu ni kwamba kuuliza swali la pili hakumaanishi kumpeleka kila mtu Dar es Salaam. Utrasaundi na kuchukua chembe kwa sindano ni kazi zinazoweza kufanyika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine, Lindi, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyojengwa Mitengo, Mtwara, ina maana tu ikiwa itabeba mzigo huu. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba mwanamke mwenye dalili ya saratani ya titi akamilishiwe uchunguzi ndani ya siku 60 tangu alipofika kituo cha kwanza. Siku 60 ni kipimo ambacho Mkoa wa Lindi unaweza kujipima nacho hadharani. Isisahaulike pia kwamba nidhamu hii ya kupima kinyama inalinda upande wa pili. Yupo anayeambiwa ana saratani kwa kutazamwa tu, akauza shamba la korosho au akakatwa kiungo, kumbe ni kichocho au kifua kikuu cha tezi. Uingereza ilimfunga daktari wa upasuaji Ian Paterson mwaka 2017 kwa kuwapasua watu matiti bila sababu ya kitabibu. Wake ulikuwa uhalifu wa makusudi, lakini kilichomwezesha kuendelea kwa miaka ni kilekile: taasisi zilizomzunguka zilishindwa kusimamisha kazi yake na kudai uthibitisho.

Kinachohitajika kinaweza kuandikwa katika waraka mmoja wa wizara. Kwanza, mgonjwa mwenye dalili za hatari zilizoorodheshwa, akirudi mara ya pili bila nafuu, aandikiwe sababu nyingine zinazowezekana na ngazi inayofuata. Akirudi mara ya tatu, rufaa iwe ya lazima, na mfumo wa kielektroniki wa GoTHOMIS, uliokwisha kufungwa katika vituo vingi, umkumbushe mtabibu kufanya hivyo. Pili, kila kinyama kiwe na namba, na kila hospitali iwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, ambaye kazi yake ni kuhakikisha jibu limemfikia mgonjwa mwenyewe. Tatu, mgonjwa awe na haki ya kupata nakala ya kumbukumbu zake, na ya kuambiwa kwa maandishi pale inapogundulika kwamba jibu la awali lilikuwa na makosa. Nne, ukomo wa miaka 3 uanze kuhesabiwa siku mgonjwa alipojua, na mahakama zikubali kwamba nafasi ya kuishi iliyopunguzwa ni hasara inayofidiwa. Hakuna sharti hata moja hapa linalosubiri hospitali mpya. Yote yanasubiri uamuzi wa kuiita miezi iliyopotea kwa jina lake. Miezi ile ilikuwa sehemu ya matibabu, ilikuwa chini ya mamlaka ya watu walioajiriwa kuitunza, na anayeipoteza anapaswa kuitolea hesabu kama anavyoitolea hesabu dawa na damu.